Kahawa maalumu

Kahawa maalumu ni kahawa iliyolimwa, kuchumwa na kuandaliwa kwa uangalifu kiasi kwamba waonjaji wenye mafunzo huipa alama 80 au zaidi kati ya 100, na ambayo mnywaji anaweza kujua ilitoka wapi. Mara nyingi ni ya aina ya arabika, ingawa siku hizi robusta iliyoandaliwa vizuri nayo hupimwa kwa utaratibu wake. Pakiti yake huandikwa jina la shamba, chama cha ushirika au kituo kilichoosha kahawa hiyo, na bei yake huwa juu kuliko ya kahawa ya kawaida.

Kwa sehemu kubwa ubora wa kahawa hutoka shambani. Tunda likishachumwa, hatua zote zinazofuata, yaani kumenya, kuchachusha, kuosha, kukausha, kukoboa, kusafirisha, kukaanga, kusaga na kupika, zinaweza kuutunza ubora huo au kuupoteza, lakini haziwezi kuigeuza kahawa mbaya kuwa nzuri. Mnywaji ndiye mtu wa mwisho katika mlolongo huo, na anaweza kuharibu kwa dakika 3 kazi ya mwaka mzima.

Historia

Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1974, wakati Erna Knutsen, mzaliwa wa Norwei aliyefanya biashara ya kahawa San Francisco, Marekani, alipolitaja katika jarida la wafanyabiashara wa chai na kahawa. Alikusudia mbegu zenye ladha ya pekee kutokana na mahali zilipokua. Kabla yake, mwaka 1966, Mholanzi Alfred Peet alikuwa amefungua duka huko Berkeley lililouza kahawa iliyokaangwa upya, wakati ambapo Wamarekani wengi walizoea kahawa ya kopo. Chama cha kahawa maalumu cha Marekani kilianzishwa mwaka 1982 na cha Ulaya mwaka 1998; mwaka 2017 viliungana kuwa kimoja.

Waonjaji huanza kwa kukagua gramu 350 za mbegu mbichi na kuhesabu kasoro: mbegu nyeusi, zilizochacha, zilizotobolewa na wadudu au zilizovunjika. Kisha hukaanga kidogo, husaga, na kumwagia maji ya moto moja kwa moja katika kikombe, bila chujio. Baada ya dakika 4 huvunja tabaka la unga lililoelea juu, hunusa, huondoa povu, na kahawa ikipoa kiasi huinywa kwa kijiko kwa mvuto wenye kelele, ili ienee kinywani kote. Wanapima harufu, utamu, uchachu, uzito kinywani na ladha inayobaki baada ya kumeza. Uchachu hapa si kasoro. Ni ule ukali wa kupendeza kama wa chungwa au ukwaju, na ndio unaowashangaza wengi wanaoionja kahawa hii kwa mara ya kwanza, kwa kuwa wamezoea uchungu peke yake.

Katika miaka ya karibuni chama hicho kimeanzisha utaratibu mpya wa tathmini, lakini wafanyabiashara wengi bado wanataja zile alama 80.

Afrika ya Mashariki

Arabika ina asili yake katika misitu ya Ethiopia na maeneo ya jirani. Pwani ya Waswahili ilijua kahawa kama kinywaji kutoka Uarabuni muda mrefu kabla ya mibuni ya arabika kupandwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wahaya wa Bukoba walikuwa tayari na robusta yao, ambayo waliitafuna ikiwa imechemshwa na kukaushwa, na kumkaribisha mgeni nayo.

Historia ya mbegu zenyewe inaonyesha jinsi eneo hili lilivyochangia kahawa ya dunia. Nchini Kenya, aina iitwayo SL28, ambayo wengi wanaihesabu kati ya zenye ladha bora kabisa, ilichaguliwa miaka ya 1930 katika maabara ya kilimo ya Scott kutokana na mibuni ya Tanganyika iliyostahimili ukame. Mfano mwingine ni Geisha. Mbegu zake zilikusanywa katika misitu ya Ethiopia miaka ya 1930, zikafika kituo cha utafiti cha Lyamungu karibu na Moshi, na mwaka 1953 zikapelekwa Kosta Rika, kisha Panama. Huko zilikaa bila kusifiwa hadi mwaka 2004, wakati kahawa ya shamba la Hacienda La Esmeralda iliposhinda mashindano na kuuzwa mnadani kwa dola 21 za Marekani kwa ratili moja, bei ambayo haikuwa imewahi kusikika. Lyamungu ilikuwa njia tu. Jina na faida vilibaki Panama.

Hali hiyo haijabadilika sana. Nchini Ethiopia karibu nusu ya kahawa hunywewa na wananchi wenyewe, lakini Kenya na Tanzania huuza nje sehemu kubwa sana ya mavuno yao, na nyumba nyingi hunywa chai. Mkulima wa Kilimanjaro au Nyeri anaweza kuzeeka bila kuonja kahawa yake iliyokaangwa vizuri. Kinachobaki nchini mara nyingi ni mbegu za madaraja ya chini, au unga wa kopo unaoyeyuka katika maji ya moto. Hata neno "mkahawa", lililotokana na kahawa yenyewe, siku hizi kwa wengi lina maana ya mahali pa kula chapati na maharagwe, na anayeomba kahawa huletewa kopo, kijiko na chupa ya maji ya moto.

Rwanda ilifuata njia tofauti kidogo. Baada ya mwaka 2000 vilijengwa vituo vingi vya kuoshea kahawa, na vyama vya wakulima kama kile cha Maraba vikaanza kuuza moja kwa moja kwa wakaangaji wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2008 nchi hiyo ikawa ya kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, yaliyoanzia Brazil mwaka 1999. Burundi ilifuata mwaka 2012.

Kuandaa nyumbani

Kitu cha kutazama kwanza kwenye pakiti ni tarehe ya kukaangwa. Mbegu zilizokaangwa huwa katika hali nzuri kuanzia siku chache baada ya kukaangwa hadi wiki 4 au 6 hivi. Pakiti inayotaja tarehe ya mwisho wa matumizi pekee haimwambii mnunuzi chochote cha maana. Herufi AA nazo hueleweka vibaya: zinataja ukubwa wa mbegu uliopimwa kwa chekeche, si ladha. PB ni mbegu ya mviringo iliyokua peke yake katika tunda ambalo kwa kawaida hubeba mbegu mbili.

Kahawa ikisagwa hupoteza harufu yake haraka, kwa hiyo mwenye fedha za kununua kifaa kimoja tu anunue kinu cha mkono kabla ya mashine yoyote ya kupikia. Mbegu zitunzwe katika chombo kilichofungwa, mbali na jua, joto na vitunguu.

Kipimo cha kawaida ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, yaani gramu 15 kwa kikombe kikubwa cha mililita 250. Asiye na mizani akadirie vijiko 3 vya mezani vya kahawa iliyosagwa. Maji yawe na joto la nyuzi 92 hadi 96 za Selsiasi. Hapa mahali mtu anapoishi pana maana. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo birika likiepuliwa lisubiri dakika moja hivi. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94, na Addis Ababa kwenye 92. Huko yamiminwe mara yanapochemka. Maji ya kisima yenye chumvi hushinda kahawa yoyote, hata iwe ya bei gani.

Kwa kahawa ya kuchuja, karatasi ya kuchujia, iliyobuniwa mwaka 1908 na Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, husuuzwa kwanza kwa maji ya moto ili kuondoa ladha ya karatasi. Unga hulowanishwa kwa maji kidogo na kuachwa nusu dakika. Ukivimba na kutoa mapovu, hiyo ni hewa ya kabonidioksidi inayotoka, dalili kwamba kahawa bado ni mpya. Kisha maji yaliyobaki humiminwa polepole, na kazi yote huchukua dakika 3 hivi. Kahawa ikitoka chungu na kali, unga ulikuwa laini mno. Ikitoka nyepesi na chachu kama ndimu mbichi, unga ulikuwa na chenga kubwa mno. Afadhali kurekebisha jambo moja kwa wakati, vinginevyo haijulikani ni lipi lililosaidia.

Asiye na kifaa chochote anaweza kufuata njia ya waonjaji iliyoelezwa hapo juu: unga na maji ya moto katika kikombe, dakika 4, koroga, ondoa povu, subiri masimbi yatue. Njia hii ya bure ndiyo inayotumika kuamua bei za kahawa ghali kuliko zote duniani.

Mtu aliye karibu na mashamba anaweza pia kukaanga mwenyewe katika kikaango kizito, akikoroga kwa mwiko bila kupumzika. Mbegu hugeuka njano, kisha kahawia, halafu hupasuka kwa mlio kama wa bisi. Anayependa uchachu na harufu ya matunda huziepua muda mfupi baada ya mlio huo. Akiziacha mpaka zitoe mafuta na moshi mwingi, atapata ladha ya mkaango kuliko ya shamba.

Mkahawani na safarini

Katika mikahawa inayouza kahawa maalumu, msafiri huweza kuuliza mambo mawili: kahawa ya leo imetoka wapi, na ilikaangwa lini. Mwandaaji anayejua kazi yake hujibu bila kusita. Asipojua, kahawa ya maziwa ni chaguo salama, kwa kuwa maziwa husitiri mengi. Anayetaka kuonja tofauti za mashamba achague kahawa ya kuchuja, isiyo na maziwa wala sukari, na ainywe polepole, maana ladha hujitokeza zaidi inapopoa.

Mjini Moshi, chama kikuu cha ushirika KNCU kilianzisha mkahawa wake wa Union, ambapo hunywewa kahawa ya wakulima wa mlimani. Nairobi, Java House iliyofunguliwa mwaka 1999 iliwazoesha wakazi wa mjini kunywa kahawa ya Kenya nchini Kenya. Addis Ababa kuna Tomoca, ya tangu mwaka 1953, ambapo wateja hunywa wakiwa wamesimama. Nyumbani kwa Waethiopia kahawa hukaangwa mbele ya mgeni, hupikwa katika chungu kiitwacho jebena, na huandaliwa mara tatu. Kuondoka kabla ya kikombe cha tatu, baraka, si adabu nzuri.

Kahawa chungu ya barazani isipimwe kwa alama hizi. Ile inayomiminwa kutoka katika dele juu ya mkaa, Jaws Corner kwenye Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa, imekusudiwa kuwa chungu. Utamu wake uko kwenye kashata na mazungumzo. Katika baadhi ya nchi za Ghuba, kahawa yenye iliki hukaangwa kidogo tu, desturi iliyokuwapo kabla wakaangaji wa Ulaya hawajaanza kusifia mkaango mwepesi.

Kahawa ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo mara chache hutoa kikombe chenye harufu ya viazi vibichi. Kasoro hiyo inahusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda mtini, na haionekani kwa macho baada ya kukaangwa. Mbegu moja inatosha kuharibu kikombe kizima, lakini kikombe cha pili kutoka pakiti hiyohiyo kinaweza kuwa kizuri kabisa. Kwa hiyo mteja aombe kingine badala ya kumlaumu mwandaaji au mkulima, naye mwandaaji asafishe kinu kwanza.

Anayenunua kahawa safarini achukue iliyokwisha kukaangwa. Mbegu mbichi ni mazao ya mimea, na nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea mpakani au uwanja wa ndege. Bila cheti hicho zinaweza kutaifishwa.