Neno Mama na Wote Wanaoitwa Kwalo

Hapana neno la Kiswahili ambalo mtoto hulitamka mapema kuliko neno mama, na labda kwa sababu hiyo watu wazima hawalichunguzi. Twalijua kabla hatujajua neno lo lote jingine, basi twadhani ya kuwa limekwisha kueleweka. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja likatushinda mahali palipoonekana pepesi kabisa, yaani katika daftari la shule.

Daftari lile lilitaka jina la mtoto, jina la babaye, na jina la mamaye, na pembeni palikuwa na nafasi nyembamba ya maelezo mengine. Kijana mmoja alipoulizwa jina la mamaye alilitaja bila kusita. Mwenziwe aliyesimama karibu akatunong'onezea kwamba huyo aliyetajwa siye aliyemzaa, bali ni mdogo wake marehemu mamaye. Basi sisi, kwa kutaka daftari liwe na ukweli, tukalikata lile jina kwa mstari, na pembeni tukaandika: yatima. Kijana alikuwa amekwisha kujua kusoma. Alilisoma neno hilo toka upande wa pili wa meza, akaenda nalo nyumbani.

Kesho yake asubuhi mwanamke mmoja alipiga hodi. Tukamwambia, "Karibu, mama." Akaingia, akatuamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mwanangu ameniambia umemwandika yatima. Nimekuja kuuliza ni nani aliyekufa." Tukamweleza kadiri tulivyoweza. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Dada yangu alikufa, ni kweli, na mtoto alikuwa hajaanza kutambaa. Lakini mama wa mtoto huyu ni mimi. Nawe mwenyewe umeniita mama sasa hivi hapo mlangoni."

Hatukuwa na jibu. Tena tulikuwa tumekosa mara mbili, maana hata kwa Kiarabu, ambako neno yatima limetoka, yatima ni mtoto asiyebaleghe aliyefiwa na babaye. Na babaye kijana yule alikuwa mzima, akivua samaki kila usiku. Yafuatayo ndiyo tuliyoyakusanya tangu siku ile.

Na tuanze na ujamaa. Kwa desturi yetu dada zake mama hawana jina la mbali. Aliyemtangulia mama kuzaliwa ni mama mkubwa, aliyemfuata ni mama mdogo, na wake wengine wa baba huitwa vivyo hivyo kwa heshima. Mtoto akiwa mbele yao hasemi hata hilo la "mkubwa" wala "mdogo"; husema mama tu, na mwenye kuitwa huitika. Maneno hayo mawili hutumika hasa pale ambapo mgeni ataka kujua ni yupi. Kwa hiyo lugha haikuweka ukuta kati ya aliyezaa na nduguye wa kike. Imeweka kijia tu, cha kupitia mtu anayeuliza. Hata upande wa wanaume neno hili limefika kwa watu wengine wa jamii ya Kibantu: Wazulu humwita mjomba malume, yaani mama mwanamume, kwa kuwa yeye ametoka katika tumbo lile lile alimotoka mama.

Neno lenyewe lina historia. Katika Kinyarwanda mpaka leo mtu husema mama kwa mama yake mwenyewe, nyoko kwa mama wa anayesemeshwa, na nyina kwa mama wa mtu mwingine. Wakikuyu nao wana maneno matatu: maitu, nyukwa, nyina. Kiswahili cha zamani kilikuwa na jamaa za maneno hayo, na msomaji wa tenzi za kale atakutana na nina kwa maana ya mama. Lakini katika maneno ya kila siku mama limewafukuza wenzake, nasi twaongeza vipande vidogo tu mwishoni: mamangu, mamako, mamaye. Nyoko halikufa; limebaki kuwa tusi, tena tusi linalowapiganisha wavulana kuliko jingine lo lote, wala hatutaliandika mara ya pili. Ni ajabu kwamba neno ambalo kwa jirani ni la heshima, kwetu laweza kumwaga damu. Sisi twafikiri sababu ni kwamba mama wa mwenzako hatajwi kwa wepesi. Ukimtaja, imekupasa umwite kama unavyomwita wako.

Na kweli ndivyo tufanyavyo. Mwanamke mtu mzima, tumjue tusimjue, twamwita mama. Akizaa huachiliwa jina lake, akaitwa kwa jina la mwanawe, Mama Asha au Mama Juma. Bali asiyezaa haachwi bila kuitwa mama. Adabu hii imeingia hata katika Maandiko. Katika Injili ya Yohana, lugha ya Kiyunani yasema kwamba Bwana Yesu alimwita mamaye "mwanamke" mara mbili, arusini Kana na chini ya msalaba; na kwa neno lilo hilo alimwita mwanamke Msamaria kisimani, na Mariamu Magdalene kaburini. Wafasiri wa Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 wameandika "Mama" mahali pote panne. Hawakuwa na njia nyingine, maana mtu akimwambia mtu mzima "Ewe mwanamke" katika Kiswahili, amemvunjia heshima. Lakini tazama yaliyotokea. Wasomaji wa Ulaya wametaabika miaka mingi wakiuliza kwa nini mwana alimsemesha mamaye kama mgeni. Msomaji wa Kiswahili haoni taabu hiyo hata kidogo. Yeye aona kinyume chake, ya kwamba Msamaria aliyekuwa na waume watano ameitwa kwa neno lile lile la mzazi wa Bwana. Wako wanaosema hapo tafsiri imepoteza kitu. Imepoteza, ndiyo, lakini tungali twaona kwamba ilichopata si kidogo.

Katika Uislamu jambo hili limeingia katika sheria. Kurani yasema wazi, katika sura ya 58, ya kwamba mama za watu ni wale waliowazaa; maneno hayo yaliwajibu waume waliowaapia wake zao kuwa kwao ni kama migongo ya mama zao, ili wawaepuke. Hata hivyo katika sura ya 4 waliotunyonyesha wamehesabiwa pamoja na mama zetu, na ndugu wa kunyonya hawawezi kuoana; na katika sura ya 33 wake za Mtume waitwa mama za waumini. Mtume mwenyewe alizaliwa na Amina, akanyonyeshwa na Halima wa Banu Saad, na kila asomaye habari za maisha yake humjua Halima sawa na Amina. Basi hapa mama ametambulikana kwa tumbo, kwa maziwa, na kwa cheo cha heshima, wala moja halikulifuta jingine. Tena wako Mariamu, ambaye sura ya 19 yaitwa kwa jina lake, naye ni mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Kurani nzima. Na Hajiri, aliyekimbia kati ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji. Kila haji huenda njia hiyo mara saba, sultani na maskini, akifuata nyayo za mama mmoja aliyetupwa jangwani.

Tuseme pia neno moja juu ya rehema, kwa kuwa Wakristo na Waislamu wote hulitumia kila siku pasipo kukumbuka asili yake. Katika Kiarabu neno hili ni la shina moja na rahim, yaani tumbo la uzazi, na katika Kiebrania ni vivyo hivyo. Asemaye Mungu ni mwenye rehema amegusa jambo la mama, ajue asijue.

Agano la Kale lina hukumu ya Sulemani, ambayo kila mtoto wa shule aweza kuisimulia. Lakini wachache huangalia ya kwamba mfalme hakuita wakunga wala mashahidi wa uzazi. Aliagiza upanga, akatazama ni nani atakayekubali kumpoteza mtoto ili mtoto aishi. Na Musa alikuwa na mama wawili: mmoja alimzaa akaajiriwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe kwa mshahara, na mmoja, binti Farao, alimlea katika nyumba ya mfalme.

Sasa twafika pwani, kwa Mwana Kupona binti Mshamu, na hapa twaomba ruhusa ya kukaa kidogo. Mumewe alikuwa Sheikh Mataka wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepingana na Sayyid Said wa Unguja miaka mingi. Alipokwisha kufa, mjane wake, akiwa mgonjwa, alitunga utenzi wa beti mia na zaidi kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Ilikuwa mwaka 1858, na baada ya miaka kama miwili naye akafariki. Alice Werner na William Hichens waliutoa kwa chapa mwaka 1934. Katika utenzi huo mama amwita binti aje karibu na wino na karatasi, amfundisha dini, adabu na namna ya kukaa na mume, kisha awaombea watoto na ndugu zake kwa Mungu. Wasomaji wa siku hizi hugombana juu yake. Wengine wasema umemfanya mke kuwa mtumwa. Wengine wasema maneno yake yana ndani zaidi kuliko nje. Sisi hatutaamua shauri hilo, ila twataka kusema jambo ambalo wote wawili hulipita. Kwa desturi ya pwani binti hafundishwi mambo ya ndoa na mamaye, maana kuna haya kati yao. Hufundishwa na somo au kungwi. Ndiye amwambiaye yale ambayo mama hawezi kuyatamka. Hapa basi mama mwenyewe ameketi mahali pa somo, kwa kuwa mauti yalikuwa karibu, na akaita wanawake wote wausome, wala si binti yake peke yake. Na twajuaje ni wangapi wameusoma au kuusikia ambao mama zao walikuwa wamekufa?

Mithali yetu yasema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tukikumbuka somo na kungwi, twaona kwamba hata katika mithali hiyo mama si mtu mmoja. Kadhalika Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina, aliandika utenzi wa mawaidha kwa binti yake, uitwao Utenzi wa Hati. Baba amekalia kiti cha mama aliyekwisha ondoka.

Katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzitoa mwaka 1870 mna ile ya Nunda mla watu. Kijana atoka kumtafuta mnyama huyo aliyewala ndugu zake. Kila mara arudi na mzoga, akiimba kwa furaha, na kila mara mamaye amjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Amsihi asiende tena, maana ampenda. Lakini hamdanganyi hata mara moja ili akae nyumbani. Kwetu sisi hapana mama aliyechorwa vizuri kuliko huyu katika ngano zote tulizosikia.

Bali mama wa kambo ameonewa sana katika ngano. Yeye hutoa ukoko, hutuma kisimani usiku, hupiga. Wako walio hivyo, hatukatai. Lakini msomaji aangalie ya kwamba hapana mtoto asemaye, "Shikamoo, mama wa kambo." Ni jina la kumsengenyea mtu, si la kumwitia, na huyo huyo, mtoto akimwita, husema mama. Wasimulizi walio wengi huwa wamesikia upande mmoja.

Mwanamke yule aliyetujia shuleni hakuwa hata mama wa kambo. Tulimwomba radhi mbele ya kijana, kwa kuwa kijana ndiye aliyelisoma lile neno. Kisha tulilifuta kwa wembe, kama tulivyofanya wakati ule, tukaliandika jina lake upya juu ya mstari tulioukata. Mwisho wa mwaka mkaguzi alipopitia daftari aliona karatasi imekwaruzika mahali pale, akauliza ni nani aliyeliharibu. Tukamwambia ni sisi.