Breki Zinazolika Upande Mmoja

Matatu ipitayo Barabara ya Naivasha, kutoka Kawangware kupitia Satellite, husimama kila mara kupakia na kushusha abiria. Si ajabu pedi zake za breki kulika upesi. Lakini pedi mbili za gurudumu moja zisipolika sawasawa, pana ubovu.

Katika magari mengi pistoni iko upande wa ndani peke yake. Huisukuma pedi ya ndani, kisha kalipa, yaani chuma kinachoshika pedi, huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Vifuniko vya mpira vya pini vikipasuka, maji na vumbi huingia, pini hushika kutu na kalipa huganda. Mara nyingi pedi ya ndani ndiyo huumia. Dereva achunguliaye ya nje na kuiona nene hudhani breki ni nzima, kumbe ya ndani imefikia chuma!

Kutia pedi mpya tu ni kupoteza fedha. Fundi asafishe pini na kuzipaka grisi ya breki, maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Pini zikiteleza vema, aitazame pistoni, nayo huweza kukwama isirudi. Pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili, la kushoto na la kulia, gari lisije likavutwa upande likifungwa breki.