Sauti ya Kijiji Bungeni: Mbunge ni Mwombaji au Mjumbe?

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wakiishi vijijini. Mtu angetazamia kwamba katika nchi ya namna hii Bunge lingekuwa Bunge la mkulima na mfugaji. Lakini hali halisi inatuonyesha jambo jingine. Kila mwaka wabunge wa vijijini husimama na kueleza matatizo yale yale: maji, barabara, pembejeo, bei ya mazao, tembo walioingia mashambani. Sauti ya walio wengi husikika, lakini si lazima iamue. Kwa nini?

Makala hii inajaribu kueleza kiini cha jambo hilo. Hatukusudii kumpima mbunge mmoja mmoja, kwamba huyu ni hodari na yule ni goigoi. Tunataka kuutazama uwakilishi wenyewe: umetoka wapi, una madaraka gani, na unapotea njia mahali gani.

Tulikotoka

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926. Kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza wawili, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945. Hawakuchaguliwa na watu, bali waliteuliwa na Gavana. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kura zilipigwa kwa masharti ya kipato, elimu au kazi, na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkulima wa kawaida alibaki nje ya mlango.

Mlango huo ulifunguka kweli mwaka 1965. Katika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi waliitumia nafasi hiyo kikamilifu. Mawaziri wadogo kadhaa waliangushwa, na Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu aliyejenga jina lake katika ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, naye alishindwa huko huko kwenye pamba. Rais alimteua tena kuwa mbunge, lakini funzo lilibaki. Mkulima alikuwa amepata silaha moja kubwa: kumwondoa mjumbe wake. Silaha hiyo hutumika mara moja katika miaka mitano. Swali letu ni juu ya miaka iliyo katikati.

Madaraka na mipaka yake

Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge aweza kumwuliza Waziri swali lolote juu ya mambo ya umma. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano, ili asishtakiwe mahakamani kwa maneno aliyoyasema Bungeni. Hapo mbunge ana nguvu.

Lakini Ibara ya 99 inaweka mpaka ambao makada wengi hawaujui. Bunge haliwezi kushughulikia pendekezo la kuweka kodi mpya au la kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa limeletwa na Serikali. Kwa maneno mengine, mbunge anayeahidi jukwaani kwamba atakileta kisima anaahidi jambo ambalo hana madaraka nalo. Anaweza kuuliza, kushauri, kuchunguza katika Kamati, na kukataa. Hawezi kujiandikia fedha. Na hata kukataa kuna gharama: Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja.

Ndani ya mipaka hiyo zipo njia mbili zinazofaa kufahamika. Ya kwanza ni swali. Swali hupelekwa mapema kwa maandishi, Waziri hulijibu mbele ya Bunge, na muulizaji hupata nafasi ya kuuliza maswali ya nyongeza. Jibu huingia katika Taarifa Rasmi, na tangu hapo ni ushahidi. Ya pili ni shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa Waziri. Shilingi yenyewe si kitu. Maana yake ni kumlazimisha Waziri aeleze sera yake, na kuwapa wabunge wengine nafasi ya kuiunga mkono hoja ya kijiji.

Upotofu wa aina tatu

Uwakilishi wa vijijini hupotea kwa njia tatu.

Kwanza, kuna siasa ya orodha. Mbunge anapewa dakika chache za kuchangia bajeti, naye anasoma kata moja baada ya nyingine: hapa daraja, pale zahanati. Kila jimbo linasoma orodha yake. Matokeo yake ni kwamba majimbo yanagombea kipande cha mkate ambao ukubwa wake umekwisha kuamuliwa kwingine, na hakuna anayeuliza umekatwa kwa kanuni gani.

Pili, kuna siasa ya shukrani. Mbunge anatumia nusu ya muda wake kushukuru kwa kile ambacho wananchi wamekilipia kwa kodi na ushuru wao. Adabu ni jambo jema katika utamaduni wetu, lakini shukrani inapochukua nafasi ya usimamizi, haki inageuzwa kuwa hisani.

Tatu, na hii ndiyo ya hatari zaidi, kuna siasa ya ufadhili. Mbunge hununua jezi, hulipia jeneza, huchangia mabati. Mwananchi naye humpima kwa mkono wake, si kwa hoja zake. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 ilimweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha hizo jimboni. Fedha hizo zimesaidia miradi midogo, hatukatai. Lakini hapo mkinzano uko wazi: msimamizi wa matumizi amefanywa mtumiaji. Na mkulima aliyezoea kupewa huacha kudai.

Funzo la korosho

Tuchukue mfano ambao wabunge wa vijijini walivuka mipaka ya siasa ya orodha. Korosho ni zao la Mtwara, Lindi, Tunduru na sehemu za Pwani. Korosho ghafi zikisafirishwa nje hutozwa ushuru. Kwa sheria ya zao hilo ya mwaka 2009 na marekebisho ya 2010, asilimia 65 ya ushuru huo ilitengwa kuliendeleza zao lenyewe: pembejeo, utafiti na ubanguaji. Mwezi Juni 2018 Serikali ilileta mabadiliko ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina.

Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani pia, walipinga. Hawakuomba daraja. Waliuliza swali la msingi kuliko yote katika uchumi wa mkulima: ziada inayotokana na jasho lake ni ya nani, na nani aamue matumizi yake? Na waliuliza wakati mkulima anapohitaji salfa ya kupulizia mikorosho yake, kwa maana bajeti hupita Juni, na mkorosho hausubiri Hazina.

Walishindwa. Sheria ilipita. Miezi michache baadaye wakulima walikataa bei za minada, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, zikisombwa na Jeshi. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki wa mashamba na malipo ulichukua muda mrefu, na wapo waliosubiri sana.

Hoja yao ilikuwa sahihi, lakini kura za mikoa ya korosho peke yake haziwezi kupitisha wala kuzuia sheria yoyote. Mkulima wa pamba, wa kahawa na wa tumbaku naye hukatwa ushuru na makato. Hoja ya korosho ilikuwa yake pia. Swali la zao moja lisipogeuzwa kuwa swali la wakulima wote, hubaki swali la mkoa, na swali la mkoa hushindwa kwa hesabu ya kura.

Sababu ya pili iko nje ya Bunge. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao, hata ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Tulijifunza hapo kwamba mkulima asiye na chombo chake mwenyewe humwachia mbunge mzigo wote. Mbunge anaweza kukisemea chombo cha wakulima, lakini hawezi kukaa mahali pake.

Mbunge na Chama chake

Lipo jambo ambalo makada hatupaswi kulikwepa. Mbunge akipoteza uanachama wa chama chake hupoteza kiti. Ndivyo ilivyowakuta wabunge kadhaa waliofukuzwa TANU Oktoba 1968, na utaratibu huo umeendelea hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Nidhamu ni ya lazima, kwa kuwa chama kisicho na nidhamu ni genge. Lakini nidhamu ni kutekeleza yale tuliyokubaliana. Haimzuii mtu kusema aliyoyaona. Chama kinachomnyamazisha mbunge wa kijijini kinajikata sikio lake chenyewe, na kitakuja kuyasikia maneno yale yale katika sanduku la kura, kama ilivyokuwa 1965.

Kazi iliyo mbele yetu

Hapana budi tuanzie kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake. Kada ahakikishe mkutano huo unafanyika, unaandika muhtasari, na muhtasari unamfikia mbunge. Tatizo lichambuliwe kabla ya safari ya Dodoma. Zahanati haina dawa: je, fedha hazikutengwa, zilitengwa hazikuletwa, au zililetwa zikaliwa? Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina Waziri wake au ofisa wake.

Kisha jibu lirudi kijijini. Taarifa Rasmi isomwe mbele ya watu, ahadi ya Waziri iandikwe na tarehe yake, na kikao kinachofuata mbunge aulizwe imefikia wapi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini hawakusema mjumbe asiulizwe. Mjumbe aliyetumwa na watu walioandika ujumbe wao wenyewe, na wanaomsubiri njiani arudi na jibu, hawezi kuwa mwombaji hata akitaka.