Gitaa Lisifutwe Daftarini

Mwananchi wa visiwani aliyepata kukaa karibu na kundi la kidumbak anaijua besi bila ya kufundishwa. Sanduku tupu, fimbo moja na uzi mmoja: mpigaji akiivuta fimbo, uzi hukazika na sauti hupanda, akiiachia, sauti huteremka mpaka inasikika tumboni kuliko masikioni. Akizidi kulegeza hakuna tena sauti, bali uzi unaopepea. Tunaanza na sanduku kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza leo, ingawa limetokea mbali na bahari, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ni hilo hilo.

Katika shule moja ya Kasulu, ambayo hatutaitaja, tulioneshwa gitaa zito la besi la nyuzi nne lililolazwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Katika daftari la vifaa limeandikwa "bovu". Tulipouliza ubovu wake, tuliambiwa kwamba kwaya ilitaka kuimba chini zaidi, kwa kuwa wavulana waliokwisha vunja ungo wa sauti hawakuzifikia tena noti za juu. Mpigaji akazilegeza nyuzi zote nne, na tangu siku hiyo gitaa likawa linalia kama bati lililong'oka misumari.

Kwa maoni yetu gitaa lile si bovu hata kidogo. Limepewa kazi mpya bila ya kuandaliwa.

Uzi mnene wa besi, ukiwa wazi, hutoa noti ya E, yaani mitetemo ipatayo 41 kwa sekunde. Ukiteremshwa hadi D, mitetemo ni kama 37, na watu hudhani kwamba tofauti ni ndogo. Lakini mkazo wa uzi hupungua kwa haraka kuliko sauti: hapo umekwisha poteza moja ya tano. Ukiufikisha kwenye B, mitetemo 31, mkazo uliobaki ni nusu na ziada kidogo. Uzi wa namna hiyo hutapanya miguu na kugonga vyuma vilivyopangwa shingoni. Tena, ndani ya shingo mna fimbo ya chuma iliyowekwa kushindana na mvuto wa nyuzi. Nyuzi zinapopoteza nguvu, fimbo hushinda, shingo ikapinda kwa nyuma, na nafasi iliyokuwapo baina ya uzi na chuma ikatoweka. Makelele yote yanatoka hapo.

Kibondo tulikuta kinyume chake. Mpigaji wa kwaya ya kanisa, mkulima kwa kazi yake, alinunua seti ya nyuzi za gitaa la nyuzi tano, akauacha ule mwembamba kuliko yote, akazifunga zile nne nene. Uzi wa kawaida wa E una unene wa milimita 2.7 hivi, huo wa B unakaribia 3.3, na kwa uzito wake hutulia hata sauti ikiwa chini. Mfereji wa kupitishia uzi karibu na kichwa cha gitaa haukuutosha uzi huo, basi akautanua kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, maana ukichimbwa mno haurudi. Fimbo ya shingoni aliigeuza robo mzunguko tu, akangoja hadi kesho yake ndipo akaigusa tena. Mwisho akaubonyeza uzi katikati ya urefu wake, kwenye chuma cha 12, na kuulinganisha na uzi ulio wazi. Alipousikia umepanda kupita kiasi, alikisogeza nyuma kidaraja kilichoubeba. Kazi hiyo ilimchukua siku tatu. Tulilisikiliza gitaa lake Jumapili, na halikuwa na mlio wa bati.

Uvumilivu huo si mgeni kwa Waha. Inanga, ubao mrefu uliochongwa kama chano, ambao wao na majirani zao wa Burundi wanaupiga, kwa kawaida hufungwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi. Anayelegeza upande mmoja anajua kwamba pande nyingine zitamdai.

Kuna na suala la hewa, ambalo wasomaji wetu wa visiwani hawalioni kwa urahisi. Kwetu unyevu hautuachi mwaka mzima. Kasulu na Kibondo mvua hunyesha toka Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei, kisha kiangazi hukausha kila kitu. Gitaa lililopangwa Unguja likapelekwa huko mwezi wa Julai, mbao zake hunywea, na shingo haibaki vile ilivyotoka. Afisa anayelipokea hulaumu msafirishaji.

Tunawaomba basi wahusika wa elimu na utamaduni, Bara na Visiwani, wanapoandika maombi ya kununua magitaa, waandike pia nyuzi za akiba za unene unaofaa kwaya itakayoyatumia, spana ya kugeuzia fimbo ya shingo, na tupa. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo mbele ya bei ya gitaa lenyewe. Mafunzo ya muziki yapo: Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981, na Unguja pana chuo cha muziki wa nchi za jahazi tangu 2002. Mwalimu mmoja akitumwa kwa wiki chache kujifunza matengenezo, wilaya nzima itapata fundi.

Na lile la Kasulu lina namba yake, imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Tulipoondoka lilikuwa likingoja kikao cha kufuta vifaa chakavu. Tungeomba kabla ya kikao hicho lifungwe nyuzi nene, lipigwe mbele ya wajumbe.