Je, Wajua? Asili Zetu, Kutoka Mto Omo Hadi Majengo

Je, wajua kuwa hapa Majengo, Mpanda, unaweza kusikia Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, Kifipa, Kisukuma na Kiha bila kuvuka mtaa, na zote ni lugha za Kibantu? Hata hivyo, kuwa na lugha za ukoo mmoja si kuwa na damu moja.

Je, wajua kuwa kusini-magharibi mwa Ethiopia, pande za Mto Omo unaomwaga maji yake Ziwa Turkana, wanaishi wasemaji wa lugha za Kiomotiki? Wamo Wawolayta, Wagamo, Wadizi na Waari.

Je, wajua kuwa huko ndiko alikotoka mtu wa kale wa kwanza wa Afrika kusomwa vinasaba vyake vyote? Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 katika pango la Mota, milima ya Gamo, baada ya kulala humo miaka 4,500 hivi. Kati ya watu walio hai leo, wanaomkaribia zaidi ni Waari. Matokeo yalitoka mwaka 2015 yakidai pia kwamba damu ya Asia Magharibi imeenea Afrika nzima. Mwaka uliofuata, baada ya wataalamu wengine kugundua hitilafu katika uchambuzi huo, watafiti haohao walikiri na kusahihisha hadharani. Wanastahili heshima kwa hilo.

Je, wajua kuwa Tanzania nasi tumo? Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana undugu wa kale na mtu wa Mota. Mwaka 2022 vikasomwa vinasaba vya mtu wa Mlambalasi, Iringa, aliyeishi zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Ndani yake zilikutwa asili tatu: ya upande wa Mota, ya misitu ya Kongo na ya kusini mwa Afrika. Kumbe kuchanganyika kwetu kulianza kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe.

Je, wajua kuwa ubaguzi huacha alama kwenye damu? Waari wana wakulima na wahunzi. Mhunzi hutengwa, na mkulima haoi kwake. Baadhi ya wasomi waliwaza kwamba wahunzi ni masalia ya wawindaji wa kale, na wakulima ni wageni waliowakuta. Mwaka 2015 vinasaba vilikanusha: wote ni wana wa mababu walewale. Wahunzi, kwa kuwa wachache na kunyimwa wachumba wa nje, walioana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi, hadi damu yao ikaonekana tofauti. Tofauti iliyoletwa na kutengwa ikageuzwa kuwa ushahidi kwamba walikuwa watu wengine tangu mwanzo! Dhuluma hiyo inaniuma kila ninapoifikiria.

Je, wajua kuwa utafiti mwingine, wa mwaka 2021, ulipima Waethiopia zaidi ya 1,200? Ulikuta kwamba ukaribu wa damu hufuata jiografia na lugha, na pia mila ambazo jamii hushiriki.

Tukirudi kwa wahunzi, je, wajua kuwa jirani zetu wa Ufipa nao waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu? Na katika maeneo haya ya magharibi mwa Tanzania, jembe la mhunzi lilitolewa mahari.