Kinasi Zinazozuia Kifo cha Seli na Dawa Zinazozilenga

Katika mwili wa mtu mzima mwenye afya, mabilioni ya seli hufa kila siku, na kufa huko ni sehemu ya uzima. Seli iliyochakaa au kuharibika hujivunja kwa utaratibu, ikawa vipande vidogo ambavyo humezwa na seli nyingine pasipo kuleta uvimbe wala maumivu. Mwaka 1972 wanasayansi John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliuita mchakato huo apoptosisi. Utaratibu huu ukivurugika, maradhi hufuata: seli zikifa kupita kiasi, kiungo hudhoofika; zikikataa kufa, hurundikana, na hali hiyo ni mojawapo ya misingi ya saratani.

Kinasi ni nini?

Uamuzi wa seli kuishi au kufa hutegemea kwa kiasi kikubwa vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kinasi huchukua fosfeti kutoka katika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfeti hiyo hufanya kazi kama swichi: huiwasha protini au huizima. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Baadhi huamuru seli igawanyike, nyingine huikinga isife, na nyingine hushiriki katika kuiua. Kwa kawaida kinasi huwaka kwa muda mfupi, kisha huzimika. Hatari huja pale inapokwama ikiwa imewaka.

Swichi iliyokwama

Mfano ulio wazi zaidi ni saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, mjini Philadelphia nchini Marekani, waligundua kromosomu ndogo isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa saratani hiyo. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Baadaye ilibainika kuwa mabadilishano hayo huunganisha jeni mbili na kuzaa jeni mpya, BCR-ABL, inayotengeneza kinasi isiyozimika. Kasoro hii hutokea baada ya mtu kuzaliwa. Mzazi hamrithishi mtoto, wala mgonjwa hamwambukizi mwingine.

Kinasi hiyo huwasha STAT5, nayo huongeza BCL-XL, protini inayoikinga seli dhidi ya kifo. Wakati huohuo hudhoofisha BAD na BIM, protini ambazo zingeisukuma seli kufa. Hivyo seli nyeupe huzaliana bila kikomo. Mgonjwa huchoka, hupungua uzito, hutokwa na jasho usiku, na wengu wake huvimba. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za kifua kikuu, kichocho au malaria ya kujirudia, kipimo cha hesabu kamili ya damu kisiahirishwe.

Dawa inavyofanya kazi

Imatinibu hujipachika katika nafasi ambayo ATP ingekaa ndani ya kinasi ya BCR-ABL. Kinasi ikikosa ATP hukosa fosfeti ya kubandika. Kinga ya seli yenye saratani huondoka, BIM hupata nguvu tena, na seli hufa kwa apoptosisi. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1998 yakiongozwa na Brian Druker. Miongoni mwa wagonjwa 54 wa hatua ya awali waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 hesabu ya damu yao ilirejea katika hali ya kawaida. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Mei 2001, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Kwa nini kidonge kisikatizwe

Imatinibu huizima kinasi, lakini haiiondoi jeni iliyoizaa. Baadhi ya seli shina zenye jeni hiyo hubaki katika uboho wa mifupa, hata pale ambapo hesabu ya damu ni safi na mgonjwa hajisikii ugonjwa wowote. Dawa ikipungua mwilini, swichi huwaka tena. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa 87, ulionyesha kwamba waliomeza asilimia 90 ya dozi au pungufu walikuwa na nafasi ndogo mno ya kufikia udhibiti mzuri wa ugonjwa katika kiwango cha jeni. Kujisikia vizuri, basi, si ushahidi wa kupona, bali ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Kuacha dawa kunawezekana kwa baadhi ya wagonjwa, lakini ni uamuzi wa daktari bingwa, baada ya kipimo cha BCR-ABL kuonyesha kwa miaka kadhaa kuwa jeni hiyo imepungua mno au haionekani. Hata hivyo ufuatiliaji wa karibu huendelea, kwani kwa wengi ugonjwa hurudi.

Wakati mwingine kinasi yenyewe hubadilika umbo na dawa ikakosa pa kushika. Dasatinibu na nilotinibu husaidia katika mengi ya mabadiliko hayo, ila si katika lile liitwalo T315I, ambalo ponatinibu iliundwa kulikabili.

Mambo ya kuzingatia

Kidonge humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji ili kupunguza kichefuchefu. Uvimbe wa kope, mikakamao ya misuli na vipele huweza kutokea. Mgonjwa ayaeleze kliniki badala ya kuacha dawa kimyakimya. Mhudumu wa afya aulize kila dawa nyingine inayotumika, zikiwemo za miti shamba. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na fenitoini na kabamazepini za kifafa, hupunguza imatinibu katika damu, ketokonazoli huiongeza. Mwanamke anayetaka kupata ujauzito azungumze na daktari mapema, kwani dawa huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Zipo pia kinasi zinazoua, kama RIPK1, ambayo huchochea kifo cha seli chenye kuleta uvimbe. Dawa za kuizuia zingali katika majaribio. Kwa mwenye saratani hii ya damu, hata hivyo, dawa imekwisha kupatikana, na nguvu yake hudumu kwa kadiri anavyoimeza kila siku.