Lugha Mpya ya Kompyuta: Tujifunze au Tuiache?

Mwalimu wa kundi, tafadhali andika maneno matatu ubaoni: SHIDA, KAZI, GHARAMA. Kwa maneno hayo tutajibu swali la leo: ikitokea lugha mpya ya kompyuta, je, yafaa kujifunza?

Kompyuta haifanyi neno mpaka iamriwe. Amri hizo huandikwa na mtu, kwa lugha iliyotungwa kwa ajili hiyo. Lugha hizo ni nyingi, na kila mpya husifiwa sana. Wazee walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini kujifunza lugha moja vizuri huchukua miezi mingi. Mtu mwenye saa moja tu jioni, baada ya kazi, akichagua vibaya atapoteza saa zake, na pengine karo yake pia.

Neno la kwanza ni shida. Ulizeni: lugha hii mpya yaondoa shida gani?

Tutazame mfano wa kweli. Lugha iitwayo C ilitungwa na Dennis Ritchie huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha ya kasi, na hata leo yatumika sana. Lakini ina hatari. Kompyuta ina kumbukumbu, yaani mahali pa kuweka mambo inayoyafanyia kazi. Katika C, mwandishi mwenyewe huomba mahali hapo, na mwenyewe huparudisha. Akikosea, huwa kama mpangaji aliyehama chumba, lakini ufunguo anao bado. Chumba amekwisha pewa mtu mwingine, na yule wa kwanza aweza kuingia na kuharibu vitu vya mwenziwe. Wezi wa kompyuta hupitia hapo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba katika kila kasoro 100 za usalama ilizozirekebisha, kama 70 zilitokana na makosa ya kumbukumbu.

Lugha ya Rust ilitungwa kuondoa shida hiyo. Graydon Hoare aliianza mwaka 2006, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Katika Rust, kila kitu kilichomo katika kumbukumbu kina mwenyewe mmoja. Mwenyewe akiondoka, mahali pale hurudishwa. Amri zikivunja kanuni hiyo, hukataliwa kabla hazijaanza kutumika. Mwaka 2022 Linux, iliyoandikwa hasa kwa C tangu mwaka 1991, iliikubali Rust pia.

Basi, sote tujifunze Rust? Hapana. Neno la pili ni kazi. Ulizeni: je, shida hiyo imo katika kazi yangu? Mtu anayeandika programu za kuendesha mitambo anayo, na Rust itamfaa. Lakini karani anayetaka kujumlisha hesabu za duka la ushirika hana shida hiyo. Huyo yamtosha Python, iliyotoka mwaka 1991. Yenyewe humtunzia kumbukumbu, tena ni rahisi kwa anayeanza. Wala uzee wa lugha si aibu. COBOL ilitungwa mwaka 1959, na mabenki mengi huitumia hata leo.

Neno la tatu ni gharama. Rust ni ngumu, na mwanafunzi hukataliwa mara nyingi kabla ya kuizoea. Ulizeni: nikikwama, yupo wa kunisaidia? Wenye kuajiri walio karibu nami wanaitaka? Kisha jaribuni kazi moja ndogo kwa majuma mawili, ndipo mkate shauri.

Sasa zungumzeni katika kundi lenu:

1. Kwa nini mwenye ufunguo wa chumba alichohama ni hatari?
2. Fundi cherehani ataka kompyuta imwandikie madeni ya wateja. Je, mtamshauri ajifunze Rust?
3. Taja chombo kipya ulichokinunua kwa sababu ya sifa zake. Kiliondoa shida gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.